Kwa Nini Kituo cha Mboji Kijengwe kwa Fundi Saa

Jumatatu, 4 Machi

Siku ya kwanza ya mafunzo. Nimefika dakika ishirini kabla ya mlango kufunguliwa. Fundi Saa alikuwa amefika dakika ishirini na tano kabla.

Niandike mambo kwa mpangilio, maana shajara isiyo na mpangilio ni porojo. Mtaa wetu utajengewa kituo cha mboji. Taka za jikoni zitapelekwa hapo, zitaoza kwa utaratibu, zitageuka mbolea. Jambo jema. Naliunga mkono kwa moyo wote. Viko viwanja viwili vya umma vinavyofaa. Kiwanja cha Juu kimepakana na nyumba ya Fundi Saa. Kiwanja cha Chini kiko nyuma ya ukuta wangu. Wakazi wataulizwa wanapendelea kipi, na Mwenyekiti wa mtaa ametuma watu wawili wakajifunze namna ya kuuliza. Wa kwanza ni Fundi Saa, kwa sababu anaaminika. Wa pili ni mimi, kwa sababu nilinyoosha mkono.

Sababu ya kunyoosha mkono naiandika hapa tu. Mama mkwe alipohamia kwetu mwaka jana alikuja na kuku thelathini na mmoja. Nikajenga banda. Mimi ni mtunza stoo, kazi yangu ni kupima na kuhesabu, lakini siku ile nilipima kwa hatua na hatua zikanipeleka mbali. Banda lote liko ndani ya Kiwanja cha Chini. Mama mkwe akaniuliza ardhi ile ni ya nani. Nikamwambia ni yangu. Alinitazama kuanzia miguuni hadi kichwani, akasema kumbe binti yake aliolewa na mwanamume. Miaka kumi na minne ya ndoa, hajawahi kusema hivyo.

Kituo kikijengwa pale, banda litavunjwa na uongo wangu utabaki umesimama peke yake.

Kwa hiyo kitajengwa kwa Fundi Saa. Kisayansi.

Jumanne, 5 Machi

Mwalimu wetu ni binti mwembamba mwenye raba nyeupe. Ananiita mzee wangu. Nina miaka arobaini na tatu.

Leo tumejifunza kutunga maswali. Akasema usimuulize mtu kama anatunza mazingira, kwa sababu kila mtu atajibu ndiyo. Muulize jana alitupa nini, na alikitupa wapi. Fundi Saa aliyaandika maneno hayo kwa rula. Kisha kila mmoja akatunga swali lake. Langu lilikuwa hili: Je, unakubaliana na wengi kwamba Kiwanja cha Juu, chenye upepo mzuri na jirani mwenye moyo wa kujitolea, ndicho kinachofaa zaidi kwa afya ya watoto wetu?

Mwalimu alilisoma mara mbili. Akaomba ruhusa yangu aliandike ubaoni. Likachukua ubao mzima. Darasa la watu kumi na wanane kutoka mitaa mbalimbali lilitumia saa nzima kulichambua swali langu, na la Fundi Saa halikutajwa hata kidogo. Akasema swali langu lina makosa sita, na kwamba kwa miaka mitano ya kufundisha hajawahi kuyakuta yote mahali pamoja.

Nikamweleza mke wangu nyumbani. Akauliza kama hiyo ni sifa. Nikamwambia yeye hajui mambo ya utafiti.

Jumatano, 6 Machi

Dodoso limekamilika. Maswali kumi na mawili. Yangu yote tisa yamepigwa kalamu na Mwalimu. Hayo kumi na mawili yaliyobaki ni ya Fundi Saa, makavu kama mikate ya juzi. Nyumba yenu ina watu wangapi. Taka za jikoni mnaziweka wapi. Kati ya viwanja viwili, mngependelea kipi.

Swali la mwisho amelishikilia Fundi Saa kama mtoto anavyoshikilia sketi ya mama yake: Una maoni mengine? Kisha mistari mitatu mitupu. Nikamwambia ni kupoteza karatasi, na sisi tuko kwenye mafunzo ya mazingira. Akasema jirani, mtu akipewa nafasi husema jambo ambalo hukujua kuliuliza. Mwalimu akamuunga mkono. Akaongeza kwamba maoni hayo yaandikwe neno kwa neno, kama mhojiwa alivyotamka.

Nimekubali. Hakuna mtu duniani anayejaza mistari ile.

Alhamisi, 7 Machi

Leo sampuli. Mtaa una nyumba sitini na nne, tutahoji kumi na sita. Unachagua namba moja kati ya moja na nne kwa kura, unaanzia hapo, kisha unaruka nyumba nne nne hadi mwisho. Rahisi. Tena haki kabisa, ukiiacha ijiendee.

Mwalimu alitudokeza utaratibu huu jana, nami nilikesha ili nisiiache. Nimehesabu nyumba zote kutoka darajani, upande wangu. Ukianzia ya tatu, unampata kinyozi, muuza mkaa, mjane wa dereva na wengineo, watu ambao ama wana deni la wema kwangu ama hawampendi Fundi Saa. Nyumba yangu mwenyewe ni ya kumi, hivyo imerukwa. Safi.

Nikaandaa kura nne kwenye kopo. Zote nimeandika tatu. Fundi Saa akatia mkono, akatoa tatu. Akapendekeza tuzikague zilizobaki, kwa ajili ya uhakiki. Nilikuwa nimekwisha kuzitia mfukoni, nikisema si vizuri kutupa karatasi ovyo. Mwalimu alinipongeza kwa hilo.

Kisha Fundi Saa akafungua rejista ya mtaa. Rejista haianzii darajani. Inaanzia ofisini kwa Mwenyekiti, upande wa pili kabisa. Nyumba zangu zote zimepotea. Kinyozi hayumo. Muuza mkaa hayumo. Aliyemo ni nyumba namba hamsini na tano.

Hamsini na tano ni yangu.

Ijumaa, 8 Machi

Nimetulia. Nimefikiri. Nyumba yangu kuwamo si hasara, ni kura moja mkononi. Kanuni inasema mtu hahoji nyumbani kwake, kwa hiyo atakuja Fundi Saa. Mke wangu atakuwa kazini. Atakayehojiwa ni mama mkwe.

Nimekaa naye uani asubuhi nzima akichambua mchele. Nikamweleza kwamba atakuja mtu kuuliza maswali, na akifika kwenye viwanja, ajibu Kiwanja cha Juu. Akaniuliza kwa nini. Nikasema sababu za kitaalamu. Akauliza kama Kiwanja cha Juu ni changu pia. Nikasema hapana, mama, changu ni hiki tu cha nyuma. Akasema sawa baba, kama umesema Juu ni Juu. Nikamjaribu mara tano, mara tano akajibu Juu. Mara ya tano alijibu kabla sijauliza.

Mtu mwenye nidhamu kuliko darasa letu zima.

Jumamosi, 9 Machi

Nyumba nane zangu, nane za Fundi Saa. Maswali hayana nguvu tena, Mwalimu ameyaua. Lakini hakusema lolote kuhusu mhoji kubeba kielelezo.

Nimebeba mkobani kopo la maganda ya siku sita. Utaratibu ni huu. Nikifika kwenye swali la viwanja, naweka kopo mezani. Nikitaja Kiwanja cha Chini, nafunua kifuniko. Namwambia mhojiwa hivi ndivyo taka zinavyokuwa. Nasubiri. Kisha nafunika, natabasamu, na ndipo nataja Kiwanja cha Juu.

Nyumba nne leo. Juu, Juu, Juu, Juu. Mzee wa nyumba namba thelathini na tisa alijibu Juu akiwa tayari amesimama mlangoni. Mama mwenye duka la vifungo aliniuliza kwa upole kama mimi ni mgonjwa na kama nina mtu wa kunitunza. Nikaandika pembeni: mhojiwa anajali jamii.

Nyumbani mke wangu ameniomba mkoba ulale nje.

Jumapili, 10 Machi

Nyumba nne zilizobaki. Zote Juu. Kwenye ya mwisho hata sikutaja viwanja, walisema chochote mradi niondoke.

Fundi Saa alikuja kwangu saa nne kamili. Sikuruhusiwa kukaa karibu, nikakaa jikoni nikasikiliza kupitia dirisha. Alimwamkia mama mkwe vizuri, lazima nikiri. Akauliza kwa mpangilio. Mama mkwe akajibu kwa sauti ya mtu aliyekula kiapo. Kwenye viwanja akasema Juu, na akarudia bila kuulizwa. Nikashusha pumzi, nikaenda kuwalisha kuku, maana walikuwa wakilalamika. Nilichungulia kwanza juu ya ukuta kuona kama kuna mtu, kama kawaida yangu.

Niliporudi walikuwa bado wanaongea. Fundi Saa anaandika pole pole, kwa mwandiko wa herufi zilizosimama wima. Nadhani ni mambo ya kuku.

Jumatatu, 11 Machi

Ushindi. Kiwanja cha Juu, nyumba kumi na moja. Kiwanja cha Chini, tano. Nimechora jedwali kwa rangi mbili. Kwenye Juu nimetumia kijani.

Mwalimu alilitazama jedwali langu muda mrefu. Kisha akaligawa vipande viwili, na hapo ndipo elimu inapokuwa adui wa mtu. Kwenye nyumba za Fundi Saa: Juu tatu, Chini tano. Kwenye nyumba zangu: Juu nane, Chini sifuri. Akaniuliza, mzee wangu, mtaa ni mmoja, mbona watu wako wote wana rai moja? Nikajibu kwamba mimi ninaelewana na watu. Akasema kuna kitu kinaitwa athari ya mhoji. Yaani jibu linatokana na aliyeuliza, si aliyejibu. Akaniomba nieleze nilivyohoji. Nikaeleza kwa kifupi. Akauliza kuna nini kwenye mkoba. Nikasema vifaa.

Akafungua mkoba.

Mapumziko yalitangazwa mapema leo.

Waliporudi akasema nyumba zangu nane hazitahesabiwa, na nane za Fundi Saa ni chache mno kuamua jambo. Hivyo tutatazama maoni ya wazi. Nikawa mtulivu. Mistari ile nilijua ni mitupu. Fundi Saa akafunua madodoso moja moja. Mitupu. Mitupu. Mitupu. Kumi na tano mitupu.

Kwenye la kumi na sita ilikuwa imejaa mistari yote mitatu na kuendelea nyuma ya karatasi. Namba hamsini na tano. Akavaa miwani, akasoma, neno kwa neno kama tulivyofundishwa:

"Andika hivi, mwanangu. Mkwe wangu ana kiwanja chake hapo nyuma, kipana, hakina kitu ila kuku wangu kwenye kona. Kama mtaa unahangaika na pa kuweka hayo maganda, mtaa uchukue. Yeye hawezi kusema mwenyewe, ana haya. Lakini ni mtu wa kutoa. Mimi namjua."

Darasa zima likanipigia makofi.

Jumanne, 12 Machi

Mwenyekiti amepata habari kabla ya chai ya asubuhi. Amenipigia simu kazini. Anasema utafiti umeonyesha kwamba mkazi mmoja anajitolea ardhi yake binafsi, jambo ambalo halijapata kutokea mtaani. Jumamosi mkutano. Nitaonyesha kiwanja mbele ya wote.

Nimejaribu njia tatu. Ya kwanza, nilimwambia Mwalimu kwamba mhojiwa wa namba hamsini na tano ni mgeni, si mkazi. Akafungua swali la muda wa kukaa: amekaa mtaani miezi kumi na mitatu, zaidi ya Mwalimu mwenyewe. Ya pili, nilikwenda kwenye kibanda cha Fundi Saa nikamwomba aliandike upya dodoso lile kwa mwandiko mzuri zaidi. Alikuwa na lenzi jichoni, anachokonoa saa ya mtu. Hakuinua kichwa. Akasema jirani, maneno ya mhojiwa ni kama saa ya mteja. Unairudisha na vipande vyake vyote.

Ya tatu, mama mkwe. Nilimwambia kwa upole kwamba huenda akapenda kufuta kauli yake. Akasema hajawahi kufuta kauli tangu azaliwe. Kisha akaniuliza kama kiwanja kina tatizo.

Nilimwambia hakina.

Jumamosi, 16 Machi

Mkutano umefanyika. Watu kama sabini. Mama mkwe alikaa mstari wa mbele amevaa nguo ya harusi za watu. Mwalimu alikuja pia, na raba zake.

Fundi Saa alisoma ripoti. Alisoma idadi ya watu kwa nyumba, uzito wa taka kwa siku, wangapi wanachanganya chupa na maganda. Hakuna aliyesinzia, jambo lililoniudhi. Alipofika kwenye maoni, Mwenyekiti akasimama, akasema tusiishie kwenye karatasi, twendeni tukaone.

Tukaenda. Watu sabini nyuma yangu, na kila hatua naihesabu, na hakuna hata moja iliyosaidia. Tukasimama mbele ya banda. Kuku wakatutazama. Mwenyekiti akatoa ramani ya mtaa kwenye bahasha, akaitandaza mgongoni kwa kinyozi, akaiangalia, akaangalia banda, akaiangalia tena ramani. Kisha akaniangalia mimi.

Anajua. Fundi Saa anajua. Mwalimu nadhani alijua tangu Jumatatu. Nikahesabu njia zilizobaki: mbili. Kusema pale pale, mbele ya mama mkwe, kwamba ardhi si yangu na haijawahi kuwa. Au.

Nikakohoa. Nikasema, "Ndugu zangu, kiwanja hiki nakitoa kwa mtaa. Bila masharti."

Kuku mmoja tu ndiye aliyesema kitu. Mwenyekiti aliikunja ramani taratibu, pindo juu ya pindo, akairudisha kwenye bahasha.

"Mtaa umepokea," akasema. "Na mtaa unakuomba usiupe kitu kingine tena."

Makofi. Mama mkwe alipiga makofi kuliko wote. Kituo kitajengwa nyuma ya ukuta wangu, mita nne kutoka dirisha la chumba chetu. Banda liondolewe kesho. Vyeti vikagawiwa hapo hapo. Cha Fundi Saa kimeandikwa Amefaulu. Changu kimeandikwa Amehudhuria, neno refu zaidi.

Jumapili, 17 Machi

Kuhamisha kuku. Uani kwetu hawaenei. Aliyejitolea nafasi ni Fundi Saa, upande wa nyumba yake unaotazama Kiwanja cha Juu, ambacho sasa kitabaki wazi na majani yake. Alikuja na mkokoteni na tepu ya kupimia. Alipima banda mara mbili kabla ya kugusa ubao.

Tulibeba matenga mimi na mama mkwe, mmoja huku, mmoja kule. Nikaona ni wakati mzuri wa kumweleza machungu ya mtu anayetoa ardhi ya jasho lake. Nikaanza. Akaniacha niendelee hadi kwenye kona. Kisha akaweka tenga chini, akanyoosha mgongo.

"Baba," akasema, "mwenye shamba hachungulii kabla ya kuingia."

Nikaanza kuhesabu kuku waliomo kwenye tenga.

"Mwaka mzima nakuona unachungulia ukutani asubuhi kama mwizi wa kuku, na kuku wenyewe ni wangu. Roho yangu ilikuwa inauma. Nikasema siku nikipata pa kusemea, nitakutoa hapo bila kukuaibisha." Akanyanyua tena tenga. "Shika vizuri, huyo jogoo anadonoa."

Nilishika vizuri. Akanidonoa.

Tulipofika, Fundi Saa alikuwa ameshaandika kwenye mlango wa banda idadi ya kuku na tarehe. Mama mkwe akasema huyu naye ni mtu wa mpangilio. Akaniangalia mimi, akasema na wewe pia, baba, ungekuwa unaanza kupanga mahali panapofaa.

Jioni nilikaa peke yangu nikayatafakari maneno hayo. Yamenigusa. Nimeamua kuyafanyia kazi.

Jumanne, 19 Machi

Habari muhimu. Mtaa utawekewa bomba la maji la umma, moja tu. Mahali pake patatokana na maoni ya wakazi. Hili sikuambiwa na Mwenyekiti, bali nilimsikia akimwambia kinyozi, na waliponiona wakaanza kuzungumzia mvua.

Dirishani kwangu wanachimba msingi wa kituo. Nimefunga dirisha, nimewasha taa, nimekaa na rula na kalamu mbili. Sina kinyongo na mtu. Mtafiti mzuri anarudi nyuma, anatafuta kosa lake bila kujionea huruma, halafu analirekebisha. Nimelitafuta kwa siku mbili na nimelipata. Ni kosa la mpangilio, kama mama mkwe alivyosema.

Nilianza na maswali.

Safari hii nimeanza na jedwali la majibu. Limekamilika, kijani kote. Nyumba hamsini na nane kati ya sitini na nne zinataka bomba liwekwe mbele ya geti langu. Hizo sita nimeziacha zikatae, kwa ajili ya uhalisi, na moja ni ya Fundi Saa.

Maswali nitayatunga kesho, yalingane.